Punje Iliyobaki Mkononi

Mwezi uliopita tulimzika baba mkwe wangu. Nilifika msibani asubuhi kutoka Kijenge, mfuko wa nguo bado uko begani, na kabla sijakaa vizuri kwenye mkeka wa wanawake Nashipai, mkamwana mwenzangu wa nyumba ya jirani, alinisogelea, akanikumbatia, akalia kidogo kama inavyopasa, kisha akaninong'oneza sikioni: "Haya sasa, mwenyewe ameondoka. Sema. Siku ile ulitia nini?" Nikamwambia anyamaze, tuko msibani. Akasema msiba anaujua, ila miaka ishirini ni mingi mno kwa mtu kubana jibu la neno moja. Wanawake wawili waliokuwa karibu wakaanza kucheka ndani ya khanga zao, na mimi nikacheka huku machozi yananitoka. Marehemu mwenyewe angekuwepo angecheka kuliko sisi sote, maana swali lile lilikuwa lake. Aliniuliza kila Krismasi. Aliniuliza nilipojifungua mtoto wa kwanza, hata hajamtazama mtoto. Aliniuliza mara ya mwisho akiwa amelala kitandani, sauti imekwisha, akiashiria kwa ngumi iliyofungwa. Kila mara nilimjibu vilevile: "Paker, kura ni siri." Naye kila mara alisema "Vizuri," kwa uso wa mtu aliyefurahi na kuudhika kwa pamoja.

Paker ndilo jina tuliloitana sisi wawili. Kwa Waarusha bibi harusi akifika kwa wakwe hugoma kuingia ndani mpaka apewe mnyama, na mimi niligoma vizuri sana, nikasimama mlangoni na viatu vyangu vya kukodi mpaka miguu ikavimba. Mzee akanipa kondoo. Kuanzia siku ile kondoo yule ndiye aliyetupa jina: yeye akaniita Paker, yaani tuliopeana kondoo, mimi nikamwita Paker, na majina yetu ya ubatizo yakapumzika. Mama mkwe nilimwita Yeyo, kama watoto wake walivyomwita. Mimi ni Mmeru wa Tengeru, na nilikuja na cheti cha kilimo cha mboga, kreti mbili za miche ya kabeji na mdomo ambao mama yangu aliniombea usiku kucha uniache salama. Kuhusu ukoo wangu hayo yanatosha. Mwaka ninaotaka kuusimulia ni huo wa kwanza wa ndoa yangu, ambao watu waliulizwa kama nchi yetu iungane na majirani zetu tuwe nchi moja, yenye bendera moja na rais mmoja.

Tuliishi magharibi ya mlima, mbele kidogo ya Olasiti. Leo huko kuna kuta za matofali na mageti yanayofunguka yenyewe, lakini wakati ule mji ulikuwa bado unatuchungulia kwa mbali. Jiko la Yeyo lilikuwa limetenganishwa na sebule kwa mbao zisizokutana, na nyufa zake zilinisomesha kuliko chuo. Nilikuwa nachochea kuni, Yeyo anaponda ndizi na mahindi ya kukobolewa kwa ajili ya loshoro, maziwa ya mgando yanasubiri pembeni, na huko sebuleni wanaume wanaiunganisha na kuitenganisha Afrika Mashariki huku wakinywa chai yangu. "Wenzetu ardhi kwao imekwisha," nilimsikia Paker akisema. "Ukishaondoa mpaka, unadhani wataanza kununua wapi? Kule kwenye vumbi? Wataanza hapa, penye udongo mweusi." Kijana mmoja muuza ng'ombe akamjibu kwa heshima lakini bila kurudi nyuma: "Mzee, mimi ng'ombe wangu wanalala Namanga siku tatu nasubiri karatasi. Wanakonda nikiwaangalia. Ng'ombe hajui mpaka." Wakacheka, chai ikaongezwa. Yeyo aliacha kuponda, akaniinamia, akaniambia polepole kwamba dada yake ameolewa upande wa pili na hajamwona tangu harusi yake mwenyewe, na kwamba yeye angependa tu kwenda kumwamkia bila kuulizwa kitambulisho. Kisha akaendelea kuponda. Sijui kama aliwahi kumwambia mume wake jambo hilo.

Na mimi je? Mimi nilikuwa Hapana. Tengeru nilikokulia mashamba yalikuwa yamegawanywa mpaka mtu akinyoosha miguu anaingia kwa jirani, na nilijua mwenye fedha akitokea, shamba huondoka bila kumwomba ruhusa anayelilima. Kwa kifupi, nilikuwa upande mmoja na baba mkwe wangu, kwa sababu ileile, na nilijisikia vizuri kwa hilo. Nilikuwa mgeni katika nyumba ile, nikipenda kupendwa. Kuna jioni alisifia kabeji zangu, akasema mkamwana wake anajua udongo, na nilirudia maneno hayo kichwani wiki nzima.

Siku ya kutoa maoni tuliitwa uwanja wa mpira wa shule. Watu walijaa kwa sababu kila mtu alikuwa ameshagombana na mtu kuhusu jambo lile. Mtendaji wetu alikuwa kijana mwenye haraka, mzaliwa wa mbali, mtu mwema kwa mengine, na hakutaka habari za makaratasi. Alisema ni rahisi tu: wanaosema Ndiyo wapange mstari kwenye goli la kaskazini, wanaosema Hapana goli la kusini, yeye atahesabu vichwa, tuondoke kabla mvua haijashuka mlimani. Wazee wakatangulia, kama kawaida. Karibu wote wakaenda Hapana, wakajipanga mmoja nyuma ya mwingine na fimbo zao, Paker akiwa katikati na koti lake la kanisani. Vijana wa ng'ombe wakaenda Ndiyo. Mama Aika pia alikwenda Ndiyo, mwanamke wa Kichaga aliyekuwa na duka pale njia panda, mzigo wake ukikwama mpakani kila mwezi. Kisha mtendaji akatugeukia sisi. "Haya, akina mama, na nyie mnasubiri nini?"

Nilianza kutembea kuelekea goli la kusini. Hatua ya kumi nikasimama. Mbele yangu kulikuwa na mgongo wa koti la kanisani, na nyuma ya mgongo ule ndipo nilipotakiwa kusimama mimi, kifua changu kikikaribia mabega yake, watu wakinisukuma. Mkamwana hasogei hivyo kwa baba mkwe. Hapiti mbele yake ovyo, hakai naye benchi moja, na kumgusa ni aibu ambayo ukoo mzima utaibeba. Tena kwa Waarusha rika lote la baba mkwe ni baba mkwe, kwa hiyo nilipotafuta mgongo mwingine salama katika mstari ule sikuuona: wazee wote waliotahiriwa pamoja naye walikuwa pale, mmoja baada ya mwingine, wakwe watupu kutoka golini mpaka kwenye kona. Nikageuka nikamwona Nashipai naye amesimama palepale nyuma yangu, anatazama migongo ileile. "Tunafanyaje?" akauliza. Mtendaji akapiga makofi, anatuharakisha. Basi tukafanya jambo ambalo nadhani wanawake wa mahali pengine wasingelifanya: kwa kuwaheshimu mno wazee wetu, tukaenda kujipanga dhidi yao. Wanawake zaidi ya nusu walielekea Ndiyo, ambako kulikuwa na vijana wasio na madhara. Wengine walibaki kwenye ua wa miti, na mtendaji akawaandika kwamba hawana maoni. Ndiyo ikashinda kwa mbali. Vijana wakarusha kofia juu. Wazee wakageuka kutuangalia, na Paker akaniona.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Jioni ile nilimpelekea maji ya kunawa, akanawa, akamwambia Yeyo kwa sauti ya kunifikia mimi: "Mwambie huyu mtu wa Tengeru maji yanatosha." Mtu wa Tengeru. Niliirudia njia ya jikoni sioni ninapokanyaga. Kondoo alikuwa zizini, mzima, analia kama kila siku, lakini jina lake lilikuwa limechukuliwa mdomoni mwangu. Siku zilizofuata nilipika, sahani zilirudi nusu, na kupitia nyufa za mbao nilisikia wazee wakizungumza juu ya wasichana waliosoma wanaokula kwa mzee mchana na kumpinga kwenye uwanja wa mpira. Mume wangu alikuwa anaendesha magari ya watalii, yuko porini mwezi mzima; sikuwa na mtu wa kunisemea. Na kwenda mwenyewe kwa baba mkwe, nimwangalie usoni, nimweleze kwamba nilishindwa kusimama kwenye mgongo wake? Hilo lilikuwa baya kuliko kusimama kwenye mgongo wenyewe. Nililia katikati ya kabeji zangu.

Tulikutana dukani kwa Mama Aika, kila mmoja kwa kisingizio chake, mimi chumvi, Nashipai kiberiti, wengine sabuni, mpaka duka likajaa na hakuna aliyenunua kitu. Ikabainika kila nyumba ina baridi ileile. Wengi walisema walikuwa Hapana, ingawa mimi langu sikulitaja. Wachache walikuwa Ndiyo kweli, nao walikuwa na haki ya kununiwa angalau. Nashipai alitaka twende kwa mtendaji palepale tuseme tulikuwa Hapana, abadilishe hesabu. Karibu wote wakaitikia. Sijui nilipata wapi ujasiri, lakini nilipanda juu ya gunia la sukari nikawaambia hapana, tukienda hivyo tumekwisha. Atasema waume wametupiga, tumebadilika. Wazee nao watasema tumeogopa njaa. "Tusiseme tunataka nini," nikawaambia. "Hata mmoja wetu asiseme. Tuseme tunataka kuulizwa vizuri, basi." Mama Aika alikuwa ameegemea mizani yake, ananitazama. Yeye mstari wa Ndiyo ulikuwa ushindi wake halali, hakuwa na mkwe hata mmoja katika wilaya ile. Akasema: "Mimi nitashindwa mkiulizwa vizuri, naliona hilo. Lakini ushindi wa kuokota barabarani sitaki. Shuka kwenye sukari yangu, twende."

Tukaenda. Mtendaji alitusikiliza akiwa amesimama, kisha akasema barua imeshapigwa chapa, imebaki sahihi za wazee watatu, na kwamba yeye hawezi kuitisha mkutano wa pili kwa sababu ya mambo ya wakwe. Alisema "mambo ya wakwe" kama anayezungumzia mafua. Nilirudi nyumbani nimekasirika, na hasira ile ndiyo iliyonifungua mdomo. Nikakaa kwenye kigoda jikoni, nikamweleza Yeyo yote, koti, migongo, rika, uwanja. Nilimwambia mstari ule haukuwa na nafasi ya mkamwana, awe anataka nini; nilichoficha ni kimoja tu, jibu langu. Yeyo alinisikiliza mwiko ukiwa hewani. Halafu akaanza kucheka. Alicheka akashika ukuta, akacheka akakaa chini, akapangusa macho kwa pindo la shuka. "Mtoto wangu," akasema, "na mimi nilikwenda kwenye ua. Baba mkwe wangu marehemu ana mdogo wake, ulimwona pale mbele na kile kikofia?" Kumbe hata yeye, na umri wake, alikuwa ameandikwa hana maoni. Alinyanyuka, akajifunga khanga vizuri, akaingia sebuleni akafunga mlango. Niliweka sikio kwenye nyufa bila haya. Nilisikia sauti yake tu, ndefu, kisha Paker anauliza, "Kwa hiyo huyo mtoto aliniheshimu?" Yeyo akajibu, "Alikuheshimu mpaka akakupinga." "Na angekuwa hana mkwe, angesimama wapi?" "Hilo hakusema. Amekataa kusema." Halafu nikamsikia Paker akiguna, mguno ambao baadaye nilikuja kuujua, wa mtu aliyekutana na ng'ombe mkaidi akampenda.

Wiki iliyofuata mtendaji alikuja kanisani baada ya ibada na barua yake ili wazee watie sahihi mbele ya watu. Wawili walishatia. Paker akachukua kalamu, akaitazama, akaifunga kifuniko. Alisimama, na alikuwa mrefu kweli alipoamua kusimama. "Kijana," akamwambia mtendaji, "hii karatasi yako inasema watu wa hapa wameulizwa. Mke wangu hakuulizwa. Wakamwana zetu hawakuulizwa, waliulizwa migongo yetu. Mimi siweki jina langu." Mtendaji akamkumbusha kwamba wanawake wengi walisimama Ndiyo, na pengine ndivyo wanavyotaka. "Pengine," Paker akasema. "Huyu wa kwangu pengine ananipinga kweli. Basi anipinge akiwa amesimama vizuri, nijue nimepingwa na mtu." Nilikuwa nyuma kabisa na wanakwaya. Sikumbuki nani alianza kupiga vigelegele, nakumbuka tu kwamba havikukatika, na mchungaji alijaribu kunyamazisha akashindwa, akaamua kutabasamu. Wale wazee wawili wakaomba karatasi irudishwe wafute majina yao.

Namna ya kura ilikuwa wazo langu, na najivunia mpaka leo. Tulitumia darasa la kwanza. Mlangoni Yeyo aliketi na vikapu viwili, akimpa kila anayeingia punje moja ya mahindi na harage moja. Nyuma ya khanga iliyotandazwa kulikuwa na kibuyu chenye shingo nyembamba. Mahindi ni Ndiyo, harage ni Hapana. Unatumbukiza moja, nyingine unaifumba kwenye ngumi, unatoka nayo na kwenda nayo kwako. Hakuna mstari wala mgongo wa mtu. Mwanamke anaingia peke yake chumbani na mawazo yake. Nilisimama mle ndani na punje zangu mbili kwenye kiganja, nikasikia mtu anakohoa nje, nikasikia kengele ya ng'ombe mbali, na nilijisikia mkubwa, sijui niseme vipi vingine. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nchi ilikuwa inaniuliza mimi swali. Nikatumbukiza. Nilipotoka, ngumi imefungwa, Paker alikuwa barazani anasubiri zamu yake. Nikainama kumwamkia, naye akanigusa kichwa kama zamani, mguso pekee ambao mzee anaruhusiwa, wa salamu. "Paker," akasema. Nilitaka kulia palepale. "Paker, umetia nini?" Watu wote wakasikiliza. Niliitazama ardhi kama inavyopasa, nikajibu kwa sauti ya kufika getini: "Paker, kura ni siri." Uwanja mzima ulilipuka kwa kicheko, na yeye akasema, kwa mara ya kwanza kati ya mara nyingi, "Vizuri."

Kibuyu kilipasuliwa mbele ya wote. Maharage yalimwagika mezani mekundu, mengi, na mahindi kidogo katikati yake, ya Mama Aika na vijana wa ng'ombe na wengine ambao mpaka leo hawajulikani. Mtendaji alihesabu mara tatu, akatoka jasho, akaandika Hapana, na Paker akatia sahihi kwa herufi kubwa. Barua ilikwenda mjini ikachanganyika na barua za nchi nzima. Iwapo yupo aliyeisoma mimi sijui, na nchi zetu mpaka leo hazijawa moja, kwa sababu zake kubwa ambazo sisi hatukuziandika. Hilo halikutupunguzia furaha hata chembe. Nashipai aliuliza kura zilizokwisha hesabiwa zinafanywa nini, hakuna aliyejua, basi akazikusanya kwenye ungo, wanawake wakaleta za kuongezea kutoka majumbani, tukapika makande kwenye sufuria la shule. Makande yenye maharage mengi kupita kiasi. Mama Aika alikula sahani mbili akilalamika kwamba hata sufuriani ameshindwa, na kijana wa ng'ombe akachokonoa kwa kijiko akitafuta punje yake. Wazee walikula upande wao, sisi upande wetu, migongo imepeana heshima. Mtendaji aliomba aongezewe.

Kwa nini sikumwambia? Mwanzoni kwa sababu ya kiapo chetu cha dukani. Baadaye kwa kiburi, nakiri: niliona anavyojivunia mbele ya wageni kwamba ana mkamwana aliyempinga na bado anaishi kwake, na sikutaka kumpokonya hadithi yake kwa kumwambia kwamba tulikuwa pamoja tangu chai ya kwanza. Nilimpenda yule mzee. Alipigania haki yangu ya kumpinga wakati sikuwa na mpango wowote wa kumpinga, na alipigania akiamini kwamba itamshinda. Tulipohamia Kijenge nilihama na mkebe mdogo wa dawa ya mafua wenye majivu ndani, kwa kuwa Tengeru walitufundisha kwamba majivu huzuia fukusi. Ndani ya majivu kulikuwa na punje yangu iliyobaki.

Mkebe huo ndio uliokuwa kwenye mfuko wangu wa nguo siku ya maziko. Mchungaji alipomaliza, familia tukapanga mstari kutupa udongo, na wakwe wakaniambia nitangulie, mimi mke wa mwanawe wa kwanza. Nilisimama mbele kabisa. Hapakuwa na mgongo wowote mbele yangu. Nikafungua mkebe, nikapuliza majivu, nikaiweka punje kwenye kiganja pamoja na udongo, na nikainama. "Paker," nikamwambia, "hii ndiyo iliyobaki." Ikadondoka juu ya jeneza, nyeupe, tiki moja, ndogo, halafu udongo. Nashipai alikuwa nyuma yangu, na macho yake hayajawahi kuzeeka. Akavuta pumzi. "Mahindi," akanong'ona. "Mahindi ndiyo yaliyobaki. Kumbe muda wote ulikuwa upande wake!" Nikageuka nikamkazia macho, machozi yananitiririka na siwezi kuzuia kucheka. "Nyamaza, Nashipai," nikamwambia. "Kura ni siri."